Vitabu vikuu vya Magharibi: anza na Brutus

Wengi wanaojitosa kusoma vitabu vikuu vya Magharibi huzama mapema. Wameshauriwa waanze mwanzo; mwanzo ni Homer, na Homer ni Iliad. Kitabu cha kwanza kinawanasa vizuri: Achilles na Agamemnon wanatupiana maneno mbele ya jeshi zima, nusura mmoja achomoe upanga. Kinakuja kitabu cha pili, na humo mshairi anaanza kuhesabu majeshi. Fulani wa mji fulani alikuja na merikebu 40, fulani na 80, fulani maskini na tatu tu, mpaka jumla inafika merikebu 1,186. Msomaji anakifunga kitabu kwa adabu, anaahidi kurudi Jumamosi, na harudi. Aliyekuwa akimsubiri farasi wa mbao wa Troy naye hana habari kwamba hata angefika mwisho asingemkuta. Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector. Farasi yumo katika vitabu vingine.

Nami nilizama hapohapo mara mbili. Mara ya tatu niliziruka zile kurasa, na hakuna aliyekuja kunikamata. Homer hana kosa lolote. Ni mshairi wa ajabu, na msikilizaji wa tenzi atamwelewa haraka kuliko msomaji wa riwaya. Kosa ni kudhani kwamba vitabu hivi ni ngazi, na kwamba huwezi kukanyaga cha tano bila kupita cha nne.

Orodha zinazotufanya tudhani hivyo si za kale kama vitabu vyenyewe. Mwaka 1909 Charles W. Eliot, aliyekuwa ndiyo kwanza anastaafu baada ya miaka 40 ya kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kutoa mkusanyo wa juzuu 51. Ahadi yake ilikuwa kwamba rafu ya futi tano, ikisomwa dakika 15 kwa siku, inatosha kumpa mtu elimu ya maana. Mwaka 1952 Robert Hutchins na Mortimer Adler wa Chicago wakaja na mkusanyo wao wa juzuu 54, uliochapishwa na Encyclopaedia Britannica na kuuzwa nyumba kwa nyumba na mawakala. Katika juzuu zote hizo 54 hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Toleo la 1990 liliwaongeza wanne, lakini mwandishi mweusi hakuonekana. Kwa hiyo orodha iliyokuja kuonekana kama amri ya karne nyingi ilikuwa kazi ya kamati, na kamati ina macho yake na upofu wake.

Neno lenyewe la jambo hili tunalo. Wazungu huziita orodha hizo kwa jina lililotokana na neno la Kigiriki kanon, yaani mwanzi au fimbo ya kupimia. Neno hilohilo lilipita kwa Waarabu likawa qanun, kisha likafika pwani yetu likawa kanuni. Falsafa ilisafiri njia hiyohiyo, ikitokea katika philosophia. Wala si maneno tu yaliyopita huko. Wasomi wa Paris wa karne ya 13 walimsoma Aristotle akiwa amefuatana na watu walioandika kwa Kiarabu, Ibn Sina na Ibn Rushd, na Thomas Aquinas alipotaka kumtaja Ibn Rushd alisema tu “Mfafanuzi”, akijua kila mmoja ataelewa. Anayeuliza kama vitabu hivi ni vya Magharibi peke yake ameuliza swali zuri, na jibu lake litazidi kuonekana tukiendelea.

Hutchins alikuwa na wazo moja jema, nalo ndilo lililofunikwa na uzito wa zile juzuu 54. Aliviona vitabu hivi kuwa ni mazungumzo marefu ya watu wanaojibizana. Sasa, mtu akifika barazani akakuta wazee wanabishana, hawaombi warudie tangu asubuhi. Anakaa, anamsikiliza anayesema kwa wakati huo, kisha anamnong’oneza jirani: huyu anamjibu nani? Swali hilo moja ndilo ninalolipendekeza badala ya orodha. Chukua mtu mmoja au tukio moja unalolijua tayari, kisha fuata nani alimjibu nani.

Kwa msomaji wa Kiswahili uzi mmoja uko mkononi tangu 1963. Mwaka huo ilitoka Julius Caezar, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Nashangaa jinsi tunavyolipita jambo hili kama la kawaida. Rais aliyekuwa madarakani kwa muda mfupi alikaa akatafsiri tamthilia ya waungwana wa Roma ya kale wanaomuua mtawala wao kwa kuhofia atakuwa mfalme. Miezi michache baadaye, Januari 1964, askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam waliasi. Sidai kwamba kuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Nasema tu kwamba swali lililomo ndani ya ile tamthilia halikuwa la makumbusho.

Mtu wa kumfuata humo si Caesar, mtawala huyo, ni Brutus, mmoja wa waliomuua. Caesar anauawa katikati ya tamthilia. Anayebaki na mzigo ni Brutus. Na ukimnong’oneza jirani, “Shakespeare kampata wapi huyu?”, jibu ni Plutarch, Mgiriki wa mji mdogo wa Chaeronea aliyeandika zaidi ya karne moja baada ya mauaji, na aliyependa kupanga maisha ya watu wakubwa wawiliwawili, Mgiriki kwa Mrumi. Shakespeare hakumsoma kwa Kigiriki. Jacques Amyot alimtafsiri Plutarch kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akakichukua hicho Kifaransa akakigeuza Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akaandika tamthilia yake kutokana na North yapata 1599. Nyerere akaileta kwa Kiswahili. Mkononi mwako, basi, una Mgiriki aliyepita mikono minne. Kumbuka mlolongo huo, maana mahali fulani katikati kuna kitu kiliteleza.

Kwa Plutarch mauaji ya tarehe 15 Machi, mwaka 44 KK, yanasomeka kama jambo la ukoo. Brutus alikuwa ameshapigana vita dhidi ya Caesar, akashindwa, na Caesar akamsamehe na kumpa vyeo. Cassius, mwenzake katika njama, alikuwa shemeji yake. Mama yake Brutus aliwahi kuwa na uhusiano na Caesar, hata Plutarch anadokeza kwamba Caesar alidhani huenda kijana ni wake. Mjomba wake Brutus alikuwa Cato, adui mkubwa wa Caesar, na mke wake Porcia alikuwa binti wa huyo mjomba. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo kuhusu kuoa binti wa mjomba, wala kuhusu jinsi ugomvi wa namna hii unavyouma zaidi ya siasa.

Cato ndiye anayetufungulia mlango wa falsafa. Mwaka 46 KK, miaka miwili kabla Caesar hajauawa, jeshi la upande wa Cato lilishindwa, naye alikuwa amejifungia katika mji wa Utica, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Alijua Caesar angemsamehe, na hicho ndicho alichokuwa hakitaki: kusamehewa na mtu asiye na haki ya kusamehe. Aliamua kufa kwa mkono wake. Plutarch anasimulia kwamba usiku huo aliomba kitabu, akakisoma mpaka mwisho, akakirudia. Kitabu hicho ni cha Plato, kile kinachoitwa Phaedo, kinachohusu roho.

Hapa uzi unatuvuta nyuma hadi Athens, mwaka 399 KK. Phaedo ni habari ya siku ya mwisho ya Socrates, aliyehukumiwa kunywa sumu kwa kosa la kutoiheshimu miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Plato ana vitabu vitatu vifupi vinavyopaswa kusomwa pamoja juu ya tukio hilo. Cha kwanza ni utetezi wa Socrates mahakamani, ambamo anasema kwamba kura 30 tu zingehama angeachiwa. Cha pili ni Crito, ambamo rafiki yake anakuja gerezani alfajiri na mpango wa kumtorosha, naye anakataa akisema sheria za mji zimemlea kama mzazi. Cha tatu ndicho hicho Phaedo. Kuna sentensi ndogo ndani yake ninayoipenda kuliko hoja zote: Phaedo anapowataja waliokuwapo siku ile, anasema Plato, nadhani, alikuwa anaumwa. Mwandishi anakuambia mwenyewe kwamba hakuwapo. Ukiisoma hiyo utaacha kumsoma Plato kana kwamba ni kumbukumbu za kikao.

Mapema kabisa katika mazungumzo hayo Socrates anasema mwanafalsafa hakiogopi kifo, lakini haruhusiwi kujiua, kwa sababu sisi ni mali ya miungu kama mifugo ilivyo mali ya mfugaji. Sasa rudi Utica. Cato anakisoma kitabu kinachomkataza jambo analokusudia kulifanya, anakisoma mara mbili, kisha analifanya. Je, hakuelewa? Nadhani alielewa vizuri mno, kwa sababu katazo lile lina mlango. Socrates anasema mtu asijiue kabla mungu hajamletea lazima, kama hii iliyonifika mimi leo. Mlango ni mwembamba, na Cato alipita hapo.

Wala si mimi niliyeuona kwanza. Mwaka 45 KK Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, aliandika mazungumzo ya kifalsafa juu ya kifo, na humo anasema waziwazi kwamba mungu mwenyewe akitoa sababu ya haki, kama alivyompa Socrates zamani na Cato juzi, mwenye hekima ataondoka kwa furaha. Kitabu hicho amekiandika kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Brutus. Yaani chini ya mwaka mmoja kabla ya mauaji, Brutus alikuwa akiandikiwa na rafiki yake mkubwa kuhusu kifo cha mjomba wake. Ukikutana na Cicero katika orodha, mbali na uzi huu, anachosha. Naungama, kwangu ni mmoja wa watu wenye maneno mengi kupita kiasi. Ukimkuta hapa, kila sentensi ina msomaji wake ameketi mbele yake.

Brutus mwenyewe aliishia Filipi mwaka 42 KK, mji uleule ambao Wakristo wake waliandikiwa waraka na Paulo miaka mia moja hivi baadaye. Kabla ya vita Cassius anamuuliza atafanya nini wakishindwa. Katika Plutarch jibu liko wazi: nilipokuwa kijana nilimlaumu Cato kwa kujiua, lakini sasa nimebadilika. Amyot analielewa. Kufika kwa North, wakati wa kitenzi unateleza, na Brutus anasomeka kama mtu anayeiamini bado ile falsafa ya kumlaumu Cato. Shakespeare akalipokea lilivyo, na badala ya kulinyoosha akampa Brutus mioyo miwili: anasema anamlaumu Cato na atavumilia yatakayomjia, na mistari michache mbele, Cassius anapomkumbusha kwamba atakokotwa kama mateka katika njia za Roma, anasema hilo halitatokea kamwe. Walimu wa fasihi wamesifu sana kina cha nafsi ya Brutus katika onyesho hilo. Huenda sehemu ya kina hicho ni ajali ya tafsiri iliyomwangukia mtu aliyejua kuitumia.

Waliomjibu Cato waliendelea. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na wanawake wengi walinajisiwa. Wapagani wakawasimanga Wakristo: mbona wanawake wenu hawakujiua kama Lucretia wa kale alivyofanya? Aliyejibu ni Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste na askofu wa Hippo, miji yote miwili katika Algeria ya leo, si mbali sana na Utica. Jibu lake limo katika kitabu cha kwanza kati ya vitabu 22 vya Mji wa Mungu. Kwanza anawatetea wale wanawake: aliyetendewa hana hatia ya mtendaji, basi ajiadhibu kwa kosa la nani? Kisha anamgeukia Cato, shujaa wa wapagani, na swali lake ni la mwanasheria mkali. Kama kuishi chini ya Caesar ni aibu isiyovumilika, mbona Cato alimshauri mwanawe autumaini wema wa Caesar? Ama haikuwa aibu, ama Cato alimnyima Caesar sifa ya kumsamehe. Nimewahi kuwasikia watu wakisema Augustino ni wa watawa tu. Mtu huyo alikuwa mbishi wa daraja la kwanza, na hapa Waafrika wenyewe ndio wanaoamua kesi: neno Afrika, kabla halijawa jina la bara, lilikuwa jina la jimbo hilohilo la Utica.

Ungetarajia kwamba baada ya Augustino Mkristo yeyote amemaliza habari ya Cato. Dante, mshairi wa Italia, karne tisa baadaye, hakubaliani na Augustino. Katika shairi lake kubwa anashuka jehanamu mpaka chini kabisa, na huko Ibilisi ana vinywa vitatu. Katikati anamtafuna Yuda Iskariote. Vinywa viwili vya pembeni vina Brutus na Cassius. Haya, anamchukia anayempinga Caesar, tunaelewa. Unafungua sehemu inayofuata, Toharani, na mlinzi wa pwani yake ni mzee mwenye ndevu zenye mvi: Cato! Mpagani, aliyejiua, na adui wa Caesar kuliko wote, amewekwa kwenye njia ya kwenda peponi, ilhali waliojiua wengine Dante amewageuza miti huko jehanamu.

Fumbo hili limewashughulisha wafafanuzi tangu siku za Dante, na sidhani kwamba lina ufunguo mmoja. Lakini mwenye kuufuata uzi ana pa kuanzia. Kosa la Brutus kwa Dante ni kumsaliti mhisani wake, na Dante aliamini pia kwamba dola ya Roma iliwekwa na Mungu ili kuongoza dunia. Cato hakumsaliti mtu. Hakuwahi kupokea fadhili ya Caesar, alikufa ili asiipokee. Na mwongozaji wa Dante anapomwombea ruhusa kwa mlinzi huyo, anamwambia: huyu anatafuta uhuru, nao ni wa thamani, kama ajuavyo aliyeutoa uhai wake kwa ajili yake. Tuseme pia kwamba katika ukumbi wa watu wema ambao hawakubatizwa, mwanzoni mwa safari, Dante amewaweka Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin, humohumo walimo Socrates na Plato. Kamati ya Chicago haikuwakaribisha wale wawili wa kwanza katika juzuu zake.

Hebu tupime tumesoma kiasi gani. Tamthilia moja. Maisha mawili kutoka kwa Plutarch, la Brutus na la Cato. Vitabu vitatu vya Plato, viwili kati yake vya jioni moja kila kimoja. Kitabu cha kwanza cha Cicero juu ya kifo, kurasa kadhaa za Augustino, na nyimbo mbili za Dante, moja ya mistari 139 na nyingine ya mistari 136. Ni kazi ya miezi miwili kwa mtu mwenye ajira na watoto, na ameshagusa Ugiriki, Roma, Afrika ya Kaskazini, Italia na Uingereza. Tafsiri za zamani za Kiingereza zinapatikana bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg. Zina lugha ya kizee, na kwa Plato ningemshauri mtu atafute tafsiri mpya akiweza. Kwa Kiswahili tuna haba, ila zilizopo ni nzuri: ukitaka kujua Wagiriki walikuwa wakitazama nini jukwaani karibu na siku za Socrates, Mfalme Edipode aliyetafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971 atakupokea bila kamusi.

Utakapoanza kuchagua uzi wa pili, usihofu kuacha kitu. Aristotle ni mfano: vitabu vyake vingi vina sura ya maandalizi ya darasa, vikavu kama muhogo wa kuanika, na anayeanza na vile vya mantiki kwa sababu tu vimewekwa mbele katika juzuu atakata tamaa bila sababu. Ngoja mpaka mtu unayemsoma amtaje na kumpinga, ndipo umfuate.

Ukiupenda uzi huu wenyewe, hauishii Filipi. Plutarch alimpanga Brutus na Dion wa Syracuse, mwanafunzi wa Plato mwenyewe, aliyemng’oa mtawala dhalimu wa Sicily na mambo yakaharibika. Mmoja alifundishwa na Plato ana kwa ana, mwingine alilelewa na vitabu vyake, na wote wawili waliingia katika siasa na jambia. Au chukua tafsiri nyingine ya Nyerere, Mabepari wa Venisi ya 1969. Katika onyesho la kwanza kabisa la tamthilia hiyo, Bassanio anamweleza Antonio habari za mwanamke tajiri wa Belmont. Jina lake Portia, anasema, na thamani yake haipungui hata kidogo ile ya binti wa Cato, mke wa Brutus.